Maji Yaliyoamshwa

Kornelia hakuwa mwanamke wa kuogopa ovyo. Watu wa Endasak wanamjua. Mwaka wa njaa fisi aliingia zizini kwake, akamtoa kwa mwiko wa ugali huku akimtukana mama yake fisi. Lakini asubuhi ile, mnada ukiwa umepita jana yake, alipofungua mlango wa chumba cha tatu cha gesti yake, alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

Mgeni alikuwa amelala ubavu. Macho yalikuwa yamezama ndani, midomo imekauka kama ganda la muhogo. Jana jioni huyu huyu alikuwa binti wa mashavu, anacheka na kuuliza majina ya milima. Kando ya kitanda ndoo ilikuwa imejaa, na kilichojaa ndani yake kilikuwa cheupe, kama maji yaliyooshea mchele.

"Mwanangu! Umekula nini?"

"Sijala kitu, mama," yule binti akasema kwa sauti ya mbali. "Jana nzima kichefuchefu cha mimba kilinikataza chakula. Nilikunywa maji yako tu."

Jina lake Perpetua. Mwalimu, kwao Kagera, ametumwa kufundisha huko Getanuwas, na mumewe amebaki huko huko kwao akingoja uhamisho. Korongo la njiani lilijaa maji, basi likageuza, naye akakwama Endasak na sanduku lake na tumbo lake la miezi sita. Kornelia alimpa chumba cha tatu kwa sababu ndicho hakivuji.

Maji yako tu. Neno hilo lilimwingia Kornelia kama mwiba wa mgunga, ule unaokatikia ndani.

Maana mama huyu, katika vitu vyote alivyokuwa navyo, hakuna alichokionea fahari kama maji yake. Alizaliwa juu Kainam, nchi ya Mbulu ya zamani, kwenye baridi na ukungu, akaolewa na Bura, akateremka naye mpaka miguuni mwa mlima Hanang. Bura aliendesha trekta kwenye mashamba makubwa ya ngano mpaka mashamba yalipodorora, na baadaye kidogo naye akadorora, akafa. Kornelia akabaki na mtoto wa kiume, shamba la maharage, nguruwe, na chemchemi. Chemchemi ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye ardhi ya ukoo wa mume. Maji yake yalitoka mlimani, baridi mpaka jino linalia. Kiangazi nchi nzima ikinyauka, yenyewe ilitoka.

Ulipokuja wakati wa ruksa, serikali ilipoachia biashara, kila mtu akafungua kitu. Huyu kioski, yule mashine ya kusaga. Kornelia alitazama watu wa mnada wanavyolala chini ya magari na mvua inawanyeshea, akauza nguruwe, akajenga vyumba. Shemeji yake Akonaay, mdogo wake Bura, alimcheka mbele za watu kanisani. "Mwanamke anajenga nyumba ya kulaza wanaume asiowajua!" Kornelia akamjibu pale pale, "Ninyi ninaowajua ndio mnaolala bure." Tangu siku hiyo hawakupatana sana.

Kusoma hakusoma. Kisomo cha watu wazima kilimfikisha kwenye jina lake na maneno ya kwenye mfuko wa mbegu, basi. Lakini gesti yake ilikuwa safi. Shuka zilipigwa pasi. Na mgeni akiingia, kabla hajaulizwa jina, alipewa kikombe cha maji baridi. Hiyo ndiyo desturi aliyolelewa nayo: ukimpa mgeni maji ya vuguvugu umemwambia apite aende zake.

Ndipo akaja Bwana Afya. Aliitwa Mwita, mtu wa Mara, mrefu, anatembea kama anapima shamba. Mkoa ulikuwa umekatwa kutoka Arusha karibuni, Babati ikawa makao makuu, na maofisa wakaanza kupita kila mahali hata pale palipokuwa hapajawahi kuona ofisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ni Bwana Afya wa wilaya."

"Bwana wa afya ya nani? Mimi sijaugua."

Mwita akacheka, akakagua. Akatazama choo, akasema kipo upande wa chini, vizuri. Akatazama chemchemi, akasema izungushiwe uzio mbuzi wasiingie. Simtanki la maji ya kuogea lifunikwe. Na maji ya kunywa wageni yachemshwe mpaka yatokote, yakae kwenye ndoo yenye mfuniko na bomba, mtu asizamishe kikombe.

"Kuchemsha?" Kornelia akauliza kama aliyeambiwa achemshe maziwa ya mama. "Maji haya yamemlea mume wangu, na baba wa mume wangu."

"Na meno yao je?"

Kornelia alifunga mdomo, maana meno yake mwenyewe yalikuwa rangi ya chai kwa madini ya maji, kama ya watu wote wa pale.

"Mama yangu," Mwita akasema, sasa hacheki. "Nyumbani kwako kunywa unavyotaka. Lakini mgeni akilala kwako, tumbo lake liko mikononi mwako. Hajui chemchemi yako. Anakuamini wewe. Gesti isiyo na maji salama mimi nafunga."

Hakuna aliyewahi kumfungia Kornelia kitu. Akatimiza yote. Aliweka seng'enge kuzunguka chemchemi, akanunua ndoo ya bomba japo alisema inanuka kama ndala mpya. Alichemsha kila asubuhi, kuni nzuri zikaungua bure, na Mwita aliporudi alimsifu mpaka akaona aibu. Akonaay peke yake ndiye aliyenuna. Alisema chemchemi haifungwi kwa waya kama ndama, ina wenyewe.

Lakini sasa, maji yaliyochemshwa. Paa la bati lilikuwa linawaka, ndoo ilikuwa ya plastiki, na jioni maji yalitoka bombani vuguvugu, hayana ladha, hayana uhai. Maji maiti. Kornelia aliyaonja akatema. Angempaje mgeni maji maiti? Basi jioni, wageni wakikaribia, alikuwa anafungua mfuniko na kumimina kata ya maji ya chemchemi, mabichi, baridi, halafu anakoroga. Mwenyewe aliita kuyaamsha. Hakuona kwamba amevunja neno la Mwita. Si amechemsha? Amechemsha. Kuamsha ni kitu kingine, ni heshima.

Sasa tumrudie Perpetua.

Oliva, mke wa mtoto wa Kornelia, alitumwa mbio zahanati. Akaja na mganga, Dionis, kijana wa Rukwa aliyepangiwa pale, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Aliingia moja kwa moja na mkoba wake.

"Shikamoo nayo umeiacha zahanati?" Kornelia akamwambia. Hata hofu haikumfanya asahau.

"Shikamoo, mama. Samahani." Tayari alikuwa ameibana ngozi ya tumbo la Perpetua kwa vidole. Akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama, kama kitambaa kilichofinywa. Dionis akaitazama mpaka iliporudi, na haikurudi upesi. Kisha akatoa kile kifaa kama pembe, akakiweka juu ya tumbo, akainamia kwa sikio. Nje kuku alikuwa anatangaza yai lake, Kornelia akatamani kumkata shingo.

"Yupo?" akauliza.

"Yupo. Anakwenda haraka sana, na kwa mbali." Dionis akashusha sauti. "Mama, huyu amekauka. Hospitali ni Katesh na korongo halipitiki. Nina dripu chache, zikiisha zimeisha. Itabidi anywe. Chumvi na sukari kwenye maji safi, kikombe juu ya kikombe. Anayotoa yote lazima yarudi. Asipokunywa tutawapoteza wote wawili. Maji unayo?"

"Maji?" Kornelia akanyoosha mgongo. "Maji kwangu hayajawahi kukosekana."

"Yamechemshwa?"

"Mpaka yakatokota, Mungu shahidi."

Na ni kweli yalitokota. Akaleta ndoo, ile ya jana, iliyoamshwa jana. Dionis akafungua pakiti ya chumvi, akachanganya, akamfunga binti dripu mkononi. Kornelia akakaa kitandani, akamweka Perpetua kichwa mapajani, akamnywesha. Kidogo kidogo, kijiko, kikombe. Perpetua alitapika, akanywa. Akaharisha, akanywa. Oliva aliingia na kutoka na ndoo akimwaga chooni, uso umemsawajika.

Na kila alipotazama yale mashavu yaliyoingia ndani, Kornelia alisikia mambo aliyoyaacha Kainam yakimrudia. Mama yake alikuwa akimkataza kupita chemchemini na mimba jua likiwa utosini. Kulikuwa na wenyewe wa maji, wale ambao mama hakutaka kuwataja, na walikuwa wanapenda wajawazito. Kornelia amebatizwa, amefungiwa ndoa kanisani, rozari iko mfukoni. Lakini alijikuta akijiuliza: na je, kama wamechukia ule waya?

Akonaay naye akaja na swali hilo hilo, ila yeye hakuliuliza, alilipiga kelele uani.

"Shemeji! Nilikuambia! Umewafungia kwao kwa seng'enge kama wafungwa! Sasa wanachukua chao. Natoa waya ule sasa hivi, namimina pombe ya asali, tuombe msamaha kabla binti wa watu hajafa!"

"Gusa waya wangu uone!" Kornelia akajibu kupitia dirishani, lakini sauti ilitetemeka, na Akonaay akaisikia inavyotetemeka. Ilikuwa mara ya kwanza. Mzee akakaa juu ya jiwe, fimbo katikati ya magoti.

Jua likapanda. Perpetua hakupata nafuu. Mikono ikawa baridi, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Akaanza kusema kilugha chao, akimwita mtu.

"Anamwita nani?"

"Sijui, mama, sielewi," Dionis akasema. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa binti, anatafuta mapigo, anahamisha vidole, anatafuta tena. Jasho lilimtiririka hadi kwenye miwani. "Haiwezekani. Anakunywa. Namwona anakunywa. Mbona anazidi kuharisha? Oliva, maji mengine!"

Ndoo ilikuwa imekwisha. Oliva akaleta sufuria kutoka jikoni, maji yanafoka mvuke. Kornelia akajaza kikombe, Perpetua akagusa kwa mdomo akageuza uso.

"Ya moto," akalia kama mtoto. "Siwezi, mama. Baridi. Nipe yale ya baridi."

"Ngoja mwanangu, nakupa." Na hapo, mbele ya daktari, Kornelia akafanya alichofanya kila jioni. Alivuta jagi la maji yaliyochotwa chemchemini asubuhi, akazamisha kata, akamimina kwenye sufuria, akakoroga.

"Mama!" Dionis akaruka. "Unafanya nini?"

"Nayaamsha."

"Una... nini?"

"Nayaamsha. Yamekufa. Huoni mgonjwa anayakataa?"

Dionis akatazama kata, akatazama jagi. Akauliza taratibu, kama mtu anayekanyaga daraja la mti mmoja.

"Na yale ya kwenye ndoo? Tuliyomnywesha tangu asubuhi?"

"Hayo niliyaamsha jana."

"Na jana asubuhi? Na juzi?"

"Kila siku! Tangu Bwana Afya alipokuja. Mimi si mtu wa kumpa mgeni maji ya vuguvugu!"

Dionis akakaa sakafuni. Hakutafuta kiti.

"Kata moja tu," Kornelia akasema. Hakuna aliyemuuliza. "Ndoo nzima nachemsha, natia kata moja. Kata moja ina nini?"

"Mama, nikichukua kijiko kimoja cha kilichomo kwenye ile ndoo ya kitandani, nikatia kwenye sufuria ya mchuzi wako, utakula? Si kijiko kimoja tu?"

"Chemchemi yangu haina kinyesi!"

"Mvua imenyesha wiki nzima. Mnada uko juu yako, watu na ng'ombe, na vyoo vya mnadani vimejaa vimefurika, nimeviona mwenyewe. Yanateremka wapi?"

Kornelia akatazama dirishani. Juu ya chemchemi palikuwa na mteremko, na juu ya mteremko mnada.

"Mbona mimi nayanywa? Mbona mimi siumwi?"

"Sijui!" Dionis akafoka. "Labda tumbo lako ni gumu kama kichwa chako!"

Kijana wa umri wa mjukuu wake. Siku nyingine kata ingemtua kichwani. Leo Kornelia alikuwa anatazama kikombe alichoshika. Tangu asubuhi amekuwa mama wa huyu binti, amemkumbatia, amembembeleza, kunywa mwanangu, kunywa, na kila alipomshawishi alikuwa anamtilia sumu mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Akakiweka kikombe sakafuni, mbali naye.

"Atakufa?" akauliza.

"Tuache kuongea. Mwaga hayo. Oliva, chemsha upya, sufuria nyingine, vikombe navyo uvichemshe. Yapoe yenyewe. Hakuna kuamsha." Halafu akakumbuka kitu, akageuka. "Mama, jana wangapi wamelala hapa?"

Hofu ya pili ikaingia kabla ya kwanza haijatoka. Vyumba viwili vya mbele walilala wachuuzi wa ng'ombe. Waliondoka alfajiri na mifugo yao kwa njia ya mlimani, kuelekea Gitting. Kila mmoja alijaza maji kwenye kibuyu. Walimsifu: maji matamu, mama, tupe na ya njiani. Na nusu ya kitongoji kilichota kwenye chemchemi ile ile.

Kornelia alitoka nje. Akonaay akainuka kwenye jiwe.

"Nitoe waya?"

"Acha waya." Alimsogelea mpaka wakawa karibu, jambo ambalo hawakufanya tangu mazishi ya Bura. "Shemeji. Ni maji. Si wenyewe wa maji, ni maji. Yameingia uchafu wa mnada, nami nimewanywesha wageni mabichi. Mimi. Sasa wale wachuuzi wako njiani Gitting na vibuyu vya maji yangu. Miguu yangu haifiki. Yako inafika."

Akonaay alimtazama. Watu walikuwa wameshakusanyika barabarani, wamesikia kila neno, na Kornelia alijua wamesikia. Hakupunguza sauti.

"Unasema ni wewe?" mzee akauliza.

"Unataka niseme mara ngapi ufurahi?"

Akonaay akaitikia kwa kichwa, akafunga shuka lake kiunoni. "Wakiwa wameugua?"

"Wabebwe zahanati ya Gitting. Wamwage vibuyu. Nenda, shemeji. Nakuomba."

Nakuomba. Mzee akashika njia, fimbo begani, na kwa umri ule alikwenda haraka.

Kornelia akashika panga. Alikata matawi ya mgunga, miiba yake mirefu, akayalaza kukatiza njia ya gesti, mengine kukatiza njia ya chemchemi. Hakueleza. Zamani, nyumba iliyopatwa na jambo zito ilikuwa inawekewa miiba njiani, watu wake hawachoti na wenzao, hawaombi moto, hawaingii kwa mtu mpaka jambo lipoe. Yeye mwenyewe alikuwa akisema hayo ni ya wapagani. Leo aliyaweka kwa sababu Bwana Afya angehitaji mkutano wa kijiji kuwazuia watu, na miiba inasomwa hata na asiyejua kusoma. Wanawake waliokuwa wanakuja na ndoo walisimama, wakaona, wakageuka. Mmoja akamwita kwa mbali, "Mama Kornelia, mpaka lini?"

"Chemsheni ya ndani! Mpaka yatokote! Na msitie kitu!"

Akarudi chumba cha tatu. Dripu ya mwisho ilikuwa inadondoka. Oliva alipepea kikombe kwa sahani ya bati, anapepea na kulia. Perpetua alikuwa hasemi tena hata kilugha.

"Sasa nini?" Kornelia akamuuliza Dionis.

"Sasa anywe, na sisi tungoje mkojo. Figo zikifunga ndiyo basi. Akikojoa, ujue maji yamebaki mwilini. Tunangoja mkojo, mama, hakuna kingine."

Basi mwanamke yule aliyekuwa hawezi kungoja hata chai ichemke, akakaa kungoja mkojo wa mtu. Maji ya vuguvugu, kijiko, subiri. Kijiko, subiri. Perpetua akiyaacha yamwagike pembeni ya mdomo, Kornelia anaanza tena. Alikuwa anaogopa kulala, anaogopa kusali, maana aliona Mungu atamuuliza kwanza kuhusu kata. Mkono mmoja ulikuwa na kijiko, mwingine aliuweka juu ya tumbo. Tumbo halikucheza. Aliusogeza huku, akausogeza kule. Halikucheza.

"Daktari. Mtoto."

Dionis akaweka pembe yake, akasikiliza muda mrefu mno. "Yupo," akasema. "Lakini mama, nisikudanganye. Mtoto aliyepitia haya, siwezi kuahidi."

Jua lilikuwa limeshagusa bega la Hanang Perpetua alipofungua macho akamshika Kornelia kanga.

"Mama. Nataka kukojoa."

Kornelia hakuelewa mara moja. Kisha alimnyanyua peke yake, binti na mimba yake, akamweka juu ya beseni, na wote watatu, mganga, mkwe na mama mwenye gesti, wakanyamaza kama wako misani wakati wa kuinua hostia. Ukasikika. Mdogo, lakini ukasikika.

Mama mzima, mjane, mwanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake wa kanisani, alitoka uani kichwa wazi, kilemba kimeanguka, akapiga kelele kuwaelekea watu waliosimama nyuma ya miiba: "Amekojoa! Jamani, amekojoa!" Na wanawake wa Endasak wakapiga vigelegele kwa ajili ya mkojo.

Akonaay alirudi kesho yake. Aliwakuta wachuuzi, mmoja kashaanza kuharisha, akabebwa, akapona. Kitongojini waliugua watu, hakufa mtu. Korongo lilipopungua Mwita alikuja, mara hii hakucheka. Alikuwa ameshaambiwa yote.

"Mama, nafunga gesti."

"Funga. Ila chumba cha tatu ukiache, mgeni wangu hajapata nguvu."

"Ulikuwa unaniambia umechemsha."

"Nilichemsha," akasema, ubishi ulikuwa bado umo. Kisha akaongeza, "Hukuniuliza baada ya hapo nafanya nini. Waulize wengine, Bwana Afya. Usiangalie ndoo, simama mpaka jioni uone inavyofanywa." Mwita akamtazama sana, na watu wanasema tangu hapo alikuwa anapita magesti jioni.

Gesti ilikaa na kufuli mpaka mavuno. Chemchemi ilijengewa kwa saruji, maji yakatokea kwenye bomba, vyoo vya mnadani vikahamishwa. Akonaay ndiye aliyebeba mawe, akilalamika toka jiwe la kwanza. Perpetua alikwenda Getanuwas njia ilipokauka, akimwambia Kornelia asiwaze, yeye hana kinyongo. Hilo halikumsaidia. Kinyongo angekijibu. Alichoogopa ni lile neno la Dionis, siwezi kuahidi. Aliamka nalo, akapalilia maharage nalo. Kila basi la kutoka Katesh liliposimama alikuwa anatoka barabarani na kuwakodolea macho abiria, na hakuuliza, maana aliogopa jibu.

Siku moja kondakta ndiye aliyemwita, amening'inia mlangoni.

"Mama Kornelia! Nina salamu zako! Yule mwalimu wa Getanuwas amejifungua hospitali, mtoto wa kike!"

Kornelia alisimama katikati ya barabara. Dereva akapiga honi, hakuondoka.

"Analia?"

"Nani? Mwalimu?"

"Mtoto! Mtoto, wewe! Analia?"

"Ah! Mama, huyo mtoto analia mpaka wodi nzima imekoma!"

Kornelia akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele yake kama ya mtoto mdogo, na basi ikabidi limzunguke.